Barua ya Rufaa ya Bwana Idi

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi zito, mkaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya upasuaji, ili wanaoanza kazi sasa wapate kusoma. Blanketi nalitumia, Njombe haijapunguza baridi yake kwa sababu mimi nimestaafu. Kuandika ndiko kulikonishinda, maana kila nikianza najikuta kwa mgonjwa mmoja yule yule, na ugonjwa wake ni ule ambao watu hawautaji wakiwa mezani. Basi nitaandika huo huo. Kwenye vyeo nilivyopata hamna cha kujifunza.

Nilifika hospitalini kwetu nikiwa daktari msaidizi mpya, mtoto wa wakulima wa upande wa Uwemba, nikiamini kwamba kwa kuwa nimefaulu mitihani najua kukata. Aliyenipokea alikuwa Daktari Sanga, Mkinga wa Tandala, mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Wiki ya kwanza hakunipa kisu. Alinipa glavu. Enzi hizo glavu zilifuliwa, zikapulizwa kama maputo ili kuangalia matundu, zikapakwa poda, zikarudishwa kwenye mtungi wa mvuke. Nilipuliza glavu mpaka mashavu yakauma. Uzi wa kushonea tuliupima kwa mikono, na maji ya dripu tuliyachemsha wenyewe nyuma ya maabara. Aliyekuwa akipanga vyombo mezani ni Mama Ngole, muuguzi aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Alijua unataka chombo gani kabla hujanyoosha mkono, na ukikosea kuomba alikupa unachohitaji, si ulichotaja.

Wagonjwa wa bawasiri walikuwa wengi kuliko mnavyodhani, ila hakuna aliyekuja kwa jina hilo. Walikuja na mgongo. Ukisoma daftari la wagonjwa wa nje la miaka ile unaweza kufikiri watu wote wa Njombe na Makambako walianguka kutoka kwenye miti. Daktari Sanga alikuwa akimwacha mtu aeleze mgongo wake mpaka mwisho, kisha anauliza taratibu, kama anayeuliza habari za mvua: huo mgongo unauma zaidi ukiwa chooni? Hapo mtu alitazama chini, na kazi ikaanza.

Alinifundisha kwamba bawasiri nyingi hazihitaji kisu. Mboga, matunda, maji ya kutosha, kutokaa chooni ukijikamua nusu saa, na kukalia beseni la maji ya vuguvugu. Kisu ni kwa zile zilizokomaa, zinazotoka nje na hazirudi hata ukizisukuma, au zinazomwaga damu mpaka viganja vya mtu vinakuwa vyeupe. Kwa hizo alikuwa na utaratibu ambao hakuubadilisha hata siku moja. Alishika uvimbe kwa kibanio, akaunyanyua, akakata ngozi chini yake, kisha akaumenya kutoka kwenye msuli polepole, kama mtu anayemenya kiazi cha moto. Chini yake huonekana nyuzi nyeupe zilizolala kwa mduara. Huo ndio msuli unaobana njia. Akishaziona alizisukuma chini kwa pamba, akafunga shina la uvimbe kwa uzi, akakata. Kidonda alikiacha wazi kijifunge chenyewe.

"Ukiona nyeupe, mkono urudi," aliniambia. Aliyasema hayo katika kila upasuaji, hata nilipokuwa nimeshafanya peke yangu mara nyingi, mpaka nikawa nachoka kuyasikia.

Matokeo yalikuwa mazuri. Kuna mama mmoja aliyetokwa damu miaka tisa, akaamini kuna mtu amemfanyia jambo. Alikuwa akianguka shambani kwa kizunguzungu. Tulimwongezea damu, tukamfanyia upasuaji, akalia wiki nzima kila alipokwenda choo, maana hakuna namna nzuri ya kuyasema maumivu ya siku zile za kwanza. Baada ya miezi miwili alikuja kutusalimu akiwa na debe la viazi kichwani, amelibeba mwenyewe kutoka kwake. Mama Ngole alimsalimia kwa Kibena, "kamwene", akampokea lile debe, akalitua chini kwa shida. Tulicheka sana.

Daktari Sanga alistaafu akarudi Tandala kulima pareto. Nikabaki mimi, na ndiyo miaka biashara ilipofunguliwa. Makambako, iliyokuwa njia panda yenye upepo, ikajaa malori, mitumba, nyumba za wageni na wafanyabiashara kutoka kila mkoa. Kwetu nako mambo yakabadilika. Glavu za kutumia mara moja zikaja, uzi ukaja umefungwa kwenye pakiti zake, na mimi nikaona kwamba mambo ya kupuliza maputo yamepita na mimi ni daktari wa wakati mpya. Maduka ya dawa yakafunguliwa kila kona. Nyuma ya baadhi ya maduka hayo wakakaa watu wenye sindano, waliodai kukausha bawasiri bila kisu. Walichoma dawa kali moja kwa moja kwenye uvimbe. Wachache walipata nafuu. Wengine walitufikia nyama ikiwa imekuwa ngumu kama ngozi ya kiatu.

Bwana Idi alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyehamia Makambako akiwa kijana, akaoa huko, akanunua lori lake, akawa anapeleka viazi na mbao Dar es Salaam na kurudi na saruji. Alikuwa mchangamfu mno. Alikuwa na uhakika kwamba makaa ya mawe ya Mchuchuma yangeanza kuchimbwa mwaka unaofuata na kwamba yeye angekuwa wa kwanza kuyabeba. Mwaka huo unaofuata bado unafuata. Aliingia chumbani kwangu akitembea kwa hatua fupi, na kiti nilichompa hakukikalia. Kwa miaka minne alikuwa ameendesha lori akiwa amekalia mpira wa tairi uliojazwa upepo kidogo. Alikuwa amechomwa sindano tatu katika chumba cha nyuma cha duka moja, na baada ya ile ya tatu alishindwa kabisa kukaa.

Aliniomba jambo moja: niondoe zote kwa mara moja, asirudi tena. Nilimwahidi. Sikupaswa kumwahidi. Pale palikuwa pamevimba, na palipochomwa sindano pamekuwa pagumu. Daktari Sanga angemlaza siku kadhaa, angemkalisha kwenye beseni mpaka uvimbe upungue, na angeondoa sehemu kwanza, nyingine baadaye. Mimi nilimpangia Alhamisi ile ile.

Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo kulikuwa na mama mjamzito wa dharura anayesubiri, au jenereta ilikuwa inataka kuzima. Hapakuwa na kitu chochote cha namna hiyo. Ilikuwa asubuhi nzuri, taa zinawaka, sindano ya ganzi ya mgongoni imeshika vizuri, na Bwana Idi alikuwa akitusimulia habari za barabara ya Kitonga huku miguu yake ikiwa juu kwenye vishikio. Bawasiri ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili pia. Ya tatu ndiyo iliyokuwa imechomwa zaidi. Kila kitu kilikuwa kimeshikana, sikuona mpaka kati ya uvimbe na kilicho chini yake. Nikaweka kibanio ndani zaidi.

Mama Ngole aliinama kidogo, akaangalia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kibena, ili mgonjwa asielewe, kwamba hiyo nyeupe niliyoishika inafanana na msuli.

Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida. "Ni kovu la sindano za mtaani."

Mama Ngole alikuwa ameshika mkasi mkononi na hakunipa. Ilibidi niuombe mara mbili. Ndiyo mara ya pekee katika miaka yetu yote. Nilikata, na nilipokata nilihisi kwenye vidole kitu kikiachia, kama kamba iliyokuwa imevutwa. Nadhani nilijua pale pale. Nilifunga damu, nikaweka pamba, nikamwambia Bwana Idi tumemaliza, naye akanishukuru.

Alipona haraka kuliko wengi. Hakutokwa damu ile ya siku ya nane ambayo sote tunaiogopa, mkojo haukuziba, na wiki ya pili alikuwa amekaa juu ya kiti bila mpira, akicheka kwa furaha. Nikaandika kwenye faili kwamba kidonda kimefunga vizuri, na hilo lilikuwa kweli. Baada ya wiki sita alirudi kliniki. Alisubiri mpaka wengine wakatoka, akafunga mlango mwenyewe, akaniambia kuna tatizo dogo. Upepo ulikuwa unatoka bila yeye kujua. Na haja ikiwa laini, nguo huchafuka kabla hajafika chooni.

Nilimpima kwa kidole. Upande mmoja haukubana kabisa.

Hapa ndipo ninapotaka msome vizuri. Kukata msuli ni kosa, na makosa ya mikono hutokea hata kwa walio makini kuliko nilivyokuwa siku ile. Msuli uliokatwa unaweza kuunganishwa, akipatikana daktari bingwa mapema. Nilichotakiwa kufanya ni kuchukua karatasi na kuandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, mistari mitano tu: nimemfanyia upasuaji huyu, nadhani nimemkata msuli, naomba msaada. Badala yake niliosha mikono, nikakaa, nikamwambia, "Bwana Idi, ulichelewa sana kuja. Miaka minne, na zile sindano. Msuli umechoka."

Aliitikia kwa kichwa. Aliona ni haki. Nikamfundisha mazoezi ya kubana, nikamwambia itapungua kadiri siku zinavyokwenda.

Mama Ngole alikuwa mlangoni alipokuwa anatoka. Mchana huo aliniletea chai, jambo ambalo halikuwa kazi yake, akasimama mpaka nikamtazama. "Ukiandika barua," alisema, "andika kwamba na mimi nilikuwepo." Kisha akaenda zake. Hakulisema tena mpaka alipostaafu. Alinionyesha kwamba aibu ile tungeweza kuibeba wawili, na mimi sikutaka hata robo yake.

Kilichofuata sikukitegemea. Bwana Idi akawa mtangazaji wetu. Kwenye vituo vya malori na sokoni Makambako alikuwa akiwaambia watu waziwazi, mtu ambaye zamani angesema ana mgongo, kwamba bawasiri si ya kufichwa, kwamba wasiende kwenye vyumba vya nyuma, waende hospitali mapema. Alikuwa akijitolea mfano: mimi nilichelewa, mnaona nilivyo. Wagonjwa wakaanza kufika wakisema wametumwa na Bwana Idi. Wengi wao walikuja bawasiri ikiwa bado changa, wakapona bila kisu. Waliohitaji kisu niliwafanyia kwa utaratibu wa Daktari Sanga, hatua kwa hatua, na wakatoka salama. Kila mmoja aliniletea salamu za Bwana Idi, na kila salamu ilinichoma.

Mwaka wa pili alikuja mkewe, Mama Zubeda, peke yake, amejitanda khanga. Alisema mumewe hajui kwamba yuko hapa. Lori alikuwa amemkabidhi mdogo wake, kwa sababu safari ya siku mbili bila mahali pa kujisafisha ilimshinda. Hilo nilikuwa nimelisikia. Sikuwa nimesikia habari za msikiti. Bwana Idi alikuwa mmoja wa waliofyatua matofali ya msikiti wa mtaani kwao, na tangu ujenzi uishe alikuwa na mahali pake, safu ya mbele, kulia. Baada ya upasuaji alihamia nyuma. Kisha akawa anaswali nje, barazani. Sasa ilikuwa Ijumaa ya tano hajatoka nyumbani. Mimi ni Mkristo na nilikuwa sijui vizuri; alinieleza kwamba ukitokwa na kitu, hata upepo, udhu unatenguka, unapaswa kutawadha upya.

Nilimuuliza kama shehe hana la kusema.

"Shehe alikuja nyumbani," alisema. "Amemwambia mwenye maradhi kama yake ana ruhusa, atawadhe kila swala na aswali, Mungu anamkubali. Mume wangu akamjibu kwamba hilo analijua, na hana wasiwasi na Mungu, ana wasiwasi na mtu aliyesimama pembeni yake."

Kisha akauliza, "Daktari, hakuna mahali pengine pa kumpeleka?"

Nilikuwa na karatasi mezani. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilimwambia kwa sasa hakuna haja, nikampa dawa ya kufanya haja iwe ngumu kidogo. Alinishukuru kwa adabu, akaniachia na kikapu cha maharage alichokuwa amekuja nacho. Nimefanya kazi miaka mingi na nimeona watu wakifa mikononi mwangu, lakini nikiulizwa siku ninayoijutia zaidi, ni hiyo, na hakuna aliyekufa.

Ilipita miaka minne. Hospitali ikapata daktari mpya, binti mwerevu kutoka Dar es Salaam, aliyelalamikia baridi asubuhi na jioni. Mwanzoni mwa likizo yangu ya mwezi mmoja, Bwana Idi alikuja kwa homa, na yule binti akampima mwili mzima kama alivyofundishwa. Hakuniuliza chochote. Aliandika barua ya rufaa siku hiyo hiyo, mistari mitano.

Niliporudi kazini, barua ya majibu ilikuwa juu ya meza yetu. Daktari bingwa aliandika kwamba msuli ulikatwa wakati wa upasuaji wa kwanza, kwamba ameunganisha alichoweza, lakini ncha zake zilikuwa zimesinyaa na kuvutwa mbali. Angeletwa ndani ya mwaka wa kwanza, aliandika, tungetegemea matokeo mazuri. Sasa atapata nafuu kiasi. Yule binti alinitazama nikisoma. Nikamrudishia barua.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda Makambako. Nilimkuta Bwana Idi barazani kwake, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Alifurahi kuniona. Alimwita Mama Zubeda alete chai, akaniambia hospitali kubwa wamemsaidia, sasa anaweza kukaa saa mbili tatu bila shida, na wamemwambia msuli ulikuwa umechoka. Nikaelewa kwamba hata wao walikuwa wamenihifadhi.

Nikamwambia. Sikutumia maneno ya kitabibu. Nilimwambia msuli haukuchoka, niliukata mimi. Kwamba nilionywa nikiwa naukata. Kwamba nilijua aliporudi baada ya wiki sita, na nilijua mke wake alipokuja. Kwamba angeweza kutengenezwa akapona na mimi nilikalia barua. Mama Zubeda alikuwa ameshika birika la chai. Alilitua chini, akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka nilipoondoka.

Swali la kwanza la Bwana Idi lilikuwa, "Wale watu niliokuletea. Na wao uliwakata?"

Nilimwambia hapana. Wote walitoka wazima.

Akavuta pumzi. "Basi hilo lina nafuu." Akaangalia barabarani, malori yalikuwa yanapita. Aliponigeukia, sauti yake haikuwa ya hasira, na ningefurahi kama ingekuwa. "Miaka yote hii, Daktari, nimekuwa namwomba Mungu anisamehe kwa kuchelewa kuupeleka hospitali mwili alionipa. Kila swala. Ungeniambia mapema, ningemwomba kitu kingine."

Sikuomba msamaha kwa sauti. Yeye naye hakusema amenisamehe. Alinisindikiza hadi ukingo wa barabara kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akanipa mkono, akarudi kwake.

Kurudi kwangu nilimweleza mganga mkuu wa hospitali, na nikaandika kwenye faili lile chini ya mwandiko wangu wa zamani. Nilidhani wagonjwa kutoka Makambako wangekoma kuja. Baada ya miezi mitatu akaingia dereva mmoja kijana, amekaa upande upande juu ya kiti. Hakusema ana mgongo. Alisema ana bawasiri, ametumwa na Mzee Idi, na kabla sijampima ameagizwa aniulize swali moja.

"Amesema nikuulize: ukinikosea, utaniambia?"

Nilimwambia nitamwambia. Akavua koti, akapanda kitandani. Tangu siku ile mpaka nilipostaafu, kila aliyetumwa na Mzee Idi aliniuliza swali hilo kabla ya kupanda kitandani, na kila mara nilisimama kwanza, nikalijibu kwa sauti.